Mafuta ya Kumtoa Oliva Msibani

Kwa ukoo wa marehemu Sixbert, mjane hapaki mafuta siku arobaini. Siku ya arobaini na moja wifi yake humwogesha na kumpaka mafuta aliyoyapika kwa mikono yake, na hapo msiba umekwisha. Akitaka arudi kwao, akitaka aolewe. Ya dukani hayakubaliki. Sasa basi, kwa Oliva, mjane wake, desturi hii ilikuwa na kichekesho chake, maana nusu ya akina mama wa Msamala waling'aa kwa mafuta ya parachichi aliyopika yeye. Mganga hajigangi. Siku ya thelathini na tisa, mikono ikiwa imepauka hata ungeweza kuandika jina juu yake kwa ukucha, aliketi mkekani akimfundisha wifi yake kupika.

Wifi mwenyewe, Kunegunda, alikuwa ametoka Maposeni asubuhi na kikapu cha maparachichi. Ni mwanamke wa jembe. Mahindi anayajua, mambo ya kupika mafuta hayajui hata kidogo.

"Haya yameiva, wifi?"

"Yameiva. Menya, toa kokwa, ponda mpaka yawe rojo. Usitie maji."

Oliva alisema hayo kama mtu anayesoma matangazo ya kanisani. Tangu presha imwangushe Sixbert shambani, asiinuke tena, hakuwa amelia. Si kwenye misa, si makaburini. Wanawake walinong'ona kwamba ana moyo wa jiwe, naye akawasikia, wala hakukasirika. Chai aliijua ni ya moto kwa kuona mvuke, si kwa ulimi. Watu waliingia, watu wakatoka. Kitu kimoja tu alikitaka, na hakumwambia mtu: asipakwe. Maadamu ngozi yake ilikuwa kavu, bado alikuwa mke wa Sixbert.

Rojo likabandikwa kwenye jiko la mkaa, Kunegunda akakoroga. Kazi hii haitaki papara. Kwanza maji hukauka, halafu rojo hugeuka kahawia, halafu mafuta huanza kuchuruzika pembeni, ya kijani, mazito. Ukiepua mapema umepata kijiko kimoja. Ukichelewa kidogo, rojo linaungua na mafuta yote yananuka moshi, hata uyachanganye na nta ya nyuki namna gani. Oliva aliijua dakika yenyewe kwa sikio, kwa sababu sufuria huacha kutokota, ikanyamaza.

Sufuria ikanyamaza. Kunegunda akaendelea kukoroga. Oliva akatazama ukuta.

"Wifi, mbona yananuka?"

"Yameungua."

"Hayafai?"

"Hayafai. Itabidi siku isogezwe mbele." Alilisema hilo upesi mno kwa mtu ambaye tangu asubuhi maneno yake yalikuwa ya kuvutwa.

Kunegunda akaepua sufuria, akaja kuketi naye mkekani.

"Ulijua yanaungua," alisema.

"Nilijua."

"Ukanyamaza."

"Nikanyamaza."

Kunegunda hakumgombeza. Alijifuta mikono kwenye kitenge, polepole, kidole kimoja kimoja.

"Mama naye hapaki," alisema. "Tangu tumzike mwanawe. Anasema mke wa Sixbert yuko mkavu, yeye apake ameona raha gani? Miguu yake imepasuka, wifi. Jana alikwenda kisimani, njiani pote kaacha matone ya damu. Tumembembeleza, hataki. Anakungoja wewe."

Oliva akaitazama miguu yake mwenyewe.

"Maparachichi yamebaki mangapi?"

"Manne."

"Yanatosha."

Kunegunda akamenya upya, akaponda, akabandika. Jua lilihama kutoka kizingitini likafika kwenye mkeka, naye anakoroga tu. Maji yakakauka. Rojo likageuka rangi, kijani kikaanza kuchuruzika pembeni. Kisha sufuria ikanyamaza, na safari hii Kunegunda alikuwa ameisikia. Lakini hakuepua. Alisimama na mwiko wake, akamgeukia Oliva, akangoja.

Oliva alijua akisema, amekwisha kumwacha Sixbert aende.

"Epua, wifi," alisema, na kwa mara ya kwanza katika siku thelathini na tisa, msiba ukamuuma.