Pasi ya Mtu Mmoja

Jana usiku niliota nimekwenda kununua pasi ndogo, ile ya kukaa pembeni ya cherehani, na duka lenyewe lilikuwa ndani ya kabati langu la vyombo. Sikushangaa. Niliinama, nikapita kati ya sufuria, nikaingia.

Niseme kwanza kwa nini naitaka. Mimi na dada yangu Mwasiti tulikuwa tukishona mifarishi ya viraka, mimi kwenye cherehani, yeye kwenye pasi. Nikishaunga viraka viwili namtupia nyuma bila kugeuka, anaulaza mshono, ananirudishia. Mwaka huu, mwezi wa Ramadhani, Mwasiti alifariki. Mimi bado natupa nyuma. Vitambaa vinaanguka sakafuni, naviokota mwenyewe huku najisema. Pasi ndogo ingenimalizia tabu hiyo, lakini kila nikifika dukani narudi mikono mitupu. Kuinunua ni kukubali kwamba nyuma yangu hakuna mtu.

Muuzaji ni jogoo wa chuma, yule anayekaa mbele ya pasi ya mkaa kufungia kifuniko.

"Karibu," ananiambia. "Miguu nyanyua, usiburute. Mshono unabonyezwa, hauburuzwi, na humu ndani ni hivyo hivyo."

Natembea kwa kunyanyua na kukanyaga. Mzee mmoja aliyeburuza kandambili ameshanyooshwa na kutundikwa kwenye hanga.

"Shikamoo, mzee."

"Marahaba, mwanangu," anaitikia kutoka kwenye hanga. "Angalia miguu."

Jogoo anasema pasi lazima iendane na uzito wa mkono. Anaubandua mkono wangu wa kulia, anauweka kwenye mizani ya maharage. Nasubiri.

"Umepungua huu."

"Sili vizuri. Kupika chakula cha mtu mmoja kunachosha."

"Kwani mnakaa wangapi?"

"Peke yangu."

Sikuwa nimewahi kulitamka hilo kwa sauti. Liliniuma hasa.

Jogoo ananirudishia mkono, ananionyesha rafu kwa mdomo. Imebaki pasi moja, ndogo kama kipande cha sabuni.

"Mimi ni wa mtu mmoja," pasi inasema. "Waya wangu mfupi, haufiki kwa mtu wa pili. Usije ukalalamika."

Nanyoosha mkono kuichukua, na mkono mwingine unaishika pamoja na wangu. Ni Mwasiti, na pini zake amezichomeka kifuani kama kawaida.

"Da Mwasiti! Wewe pasi ndogo ya nini?"

"Nashona huko, Chiku. Nashona mwenyewe, napiga pasi mwenyewe. Cherehani sijaizoea, mishono yote inakwenda upogo. Nikimaliza nageuka nikupe, hupo."

Nalia. Miezi yote hii nilijihurumia mimi, wala haikunipitia akilini kwamba na yeye yuko peke yake.

"Chukua wewe," namwambia.

"Chukua wewe. Mimi ndiye mkubwa, nitavumilia."

"Amueni," anasema jogoo. "Nafunga."

Naisukumia kifuani kwake. "Wewe cherehani huijui, utahangaika kuinukainuka. Chukua, dada."

Anaifunga kwenye pindo la kanga. Duka limeshakuwa chumba chetu cha kushonea na jogoo kaondoka bila kuaga.

"Na mimi je?" namuuliza. "Nani atanipigia pasi?"

Lakini ameshapiga funda la maji kutoka kwenye kikombe, kama alivyofanya siku zote kabla ya kulainisha kitambaa. Mashavu yamemjaa, hawezi kujibu. Ananitazama hivyo hivyo, kwa upole, kisha anageukia cherehani, anapuliza.

Nikaamka. Kumekucha, jirani anafagia uwanja. Nilikaa kitandani nikajicheka kidogo, nikalia tena, halafu nikaenda kwenye cherehani. Kitambaa nilichokiacha chini ya sindano kilikuwa kimelowa matone madogo madogo, yameenea sawasawa juu ya mshono. Nikatazama juu. Bati halivuji, na mvua yenyewe hatujaiona wiki ya ngapi sijui.

Nikachomeka pasi yake kubwa. Nikasimama upande wake wa meza, nikaubonyeza mshono kabla maji hayajakauka.