Mashine ya Maonyesho

Kwa miaka sita nilimwamkia Mwalimu Magdalena, na kwa miaka sita hakuniitikia. Kanisani, sokoni, kwenye foleni ya maji, hata msibani. "Shikamoo, mwalimu." Kimya. Anageuza shingo kana kwamba amepita nzi. Ambaye hajawahi kunyimwa marahaba mbele za watu atadhani ni jambo dogo. Mimi nasema bora kofi, maana kofi huisha siku hiyohiyo.

Chanzo chake kilikuwa kipande cha memori, kile ambacho mafundi tunakiita ram, kirefu kama kiganja changu. Wakati huo nilikuwa fundi katika duka la kompyuta la Sostenes, hapa Singida mjini. Mwalimu Magdalena alileta kompyuta yake ya nyumbani isafishwe vumbi. Niliisafisha, nikaifunga, nikaiacha juu ya meza ikiwa na vipande viwili vya memori. Alipoichukua kesho yake ilikuwa na kimoja. Sostenes hakuuliza. Aliniita kaunta, wateja wamejaa, akanyoosha kidole kwenye mkoba wangu.

"Mwaga!"

Nikaumwaga. Vikatoka kitana, leso, funguo, chupa ya rangi ya kucha na pedi mbili ambazo wanaume waliziangalia kisha wakaangalia pembeni. Memori haikuwemo. "Basi ameshaiuza," akasema Sostenes, akanifukuza. Mwalimu Magdalena alikuwa amesimama palepale. Mwanaye Noel alikuwa ameleta posa nyumbani kwetu mwezi mmoja kabla. Wiki haikuisha, wakaja kusema posa imeahirishwa, na hadi leo imeahirishwa. Noel ana mke na watoto wawili Misigiri.

Nilirudi mtaani kwetu Mwankoko nikafungua kibanda changu. Wateja walikuja wachache, na wengi wao walikaa hapohapo wakinitazama mikono mpaka nimalize. Nilijifunza kufanya kazi huku nachunguzwa. Nilijifunza pia kumchukia mtu bila haraka.

Mwaka huu Sostenes akaleta wimbo mpya. Kompyuta yako nzito? Dawa ni ubongo mpya, prosesa ya dual-core. Ya zamani ina kiini kimoja, hii ina viwili, kwa hiyo kasi ni mara mbili. Juu ya kaunta aliweka mashine ya maonyesho, ya zamani kama zenu, ila prosesa mpya, na kweli ilikuwa inakimbia. Unagusa, inafunguka. Watu wakashika vichwa. Wakapanga foleni na kompyuta zao za nyumbani mikononi kama watu waliopeleka watoto kliniki.

Mzee Mathayo, mwenyekiti wetu wa mtaa, naye alibadilishiwa. Wiki mbili baadaye akaja kibandani kwangu, kompyuta kwenye tenga la baiskeli.

"Shikamoo, mzee."

"Marahaba, Rebeka. Hebu nitazamie huu mzigo. Nimeambiwa una viini viwili. Mimi naona hata kile kimoja kimelala."

Nikaifungua. Prosesa ilikuwa dual-core halali, sikuwa na la kusema. Lakini ndani kulikuwa na vumbi jekundu la hapa kwetu, limetanda kila mahali isipokuwa mahali pamoja: nafasi ya pili ya memori. Pale palikuwa safi, peupe. Kitu kilikuwa kimekaa pale miaka yote kikipafunika, kisha kikatolewa juzi.

"Mzee, ulikuwa na memori mbili. Sasa unayo moja."

Akainama, akachungulia. "Na hiyo prosesa haisaidii?"

"Inasaidia sana, ikipata nafasi. Chukua wanawake wawili wa kusaga mtama. Ukiwapa ungo mmoja mdogo wa kuwekea mtama, mmoja atasaga na mwingine atamsubiri. Memori ndiyo ungo. Huyu amekuongezea msagaji, akakupunguzia ungo."

"Sasa mbona ile yake ya kaunta inakimbia? Nayo si prosesa hiyohiyo?"

Swali lile lilinikalisha chini. Prosesa ileile, mashine ya umri uleule. Tofauti ingeweza kutoka wapi? Nilicheka mpaka machozi yakanitoka, na hayakuwa yote ya kicheko. Mashine ile ilikuwa inakimbia kwa nyungo za watu. Na mimi nilikuwa najua kitu ambacho Sostenes hakukijua.

Baba yangu ni mfugaji wa Ikungi. Ng'ombe wetu hukatwa sikio la kushoto mara mbili, na hata wakichanganyika na mia tutawatoa. Nimekua hivyo. Nilipoajiriwa kwa Sostenes, kila memori ya mteja niliyoisafisha niliitia alama: nukta mbili za rangi nyekundu ya kucha pembe ya kushoto, na nyuma yake herufi za jina la mwenyewe, nimezikwaruza kwa ncha ya sindano. Sikumwambia mtu. Mfugaji hatangazi alama zake stendi.

"Mzee," nikamwambia, "ng'ombe akipotea akasikika yuko zizi la mtu, tunafanyaje?"

"Mwenyewe anataja alama kwanza, kabla hajaingia zizini. Akitaja baada ya kumwona, hiyo si alama, hayo ni macho."

"Basi na mimi nataja."

Nikaandika kwenye karatasi: nukta mbili nyekundu kushoto, nyuma M.K. Magdalena Kitundu. Nikaikunja, akaitia mfuko wa koti na kuufunga kifungo. Ndipo nikaingiwa na hofu. Kama memori ile ilishauzwa zamani, ningetoka dukani kwa Sostenes nikiitwa mwizi kwa mara ya pili, na safari hii shahidi angekuwa mwenyekiti. Usiku huo sikula. Lakini sikughairi. Nilikuwa nimechoka kuamkia ukuta.

Mzee Mathayo alimwita Mwalimu Magdalena naye, kwani alikuwa amebadilishiwa prosesa na mashine yake ilikuwa bado inajikokota. Jumamosi saa nne duka lilikuwa limejaa. Mimi nilisimama nyuma, karibu na mlango. Mwalimu aliniona, akageuza shingo kama kawaida yake. Moyoni nikasema, geuza tu, mama, leo utairudisha.

"Sostenes," akasema mwenyekiti, "wenzangu hawa wananiuliza hiyo dual-core ikoje. Tufungulie hii ya kaunta tuione."

Ukimsifu mwenye majivuno atakupa hata ufunguo wa nyumba. Sostenes akachukua bisibisi akitabasamu, akatoa bati la pembeni, akaanza kuonyesha: hii feni, chini yake ndiyo prosesa yenyewe, viini viwili. Watu wakasogea. Mimi nilikuwa naangalia pengine. Nafasi nne za memori, zote zimejaa.

"Na hivi vinne?" akauliza mzee.

"Hivyo vya kawaida tu, mzee wangu."

"Toa kimoja kimoja, tuone."

Tabasamu likapungua. "Mzee, ukivigusa vinaweza kuungua."

"Basi fundi atoe," akasema mwenyekiti. "Rebeka!"

Nikapita katikati ya watu. Nikazima umeme wa mashine, nikagusa bati la kasha kuondoa umeme wa mwilini, kama inavyotakiwa, nikatoa cha kwanza. Hakina alama. Cha pili, hakina. Cha tatu nikakigeuza kwenye mwanga wa dirishani na nukta zangu mbili zilikuwepo, zimechujuka, lakini nyekundu. Nikakiweka kwenye kiganja cha mwenyekiti.

Akafungua kifungo cha koti, akatoa karatasi, akaisoma kwa sauti ya mkutano wa hadhara. Kisha akakigeuza kile kipande, akakileta karibu na miwani. "M.K.," akasema.

"Rangi hizo kapaka yeye!" Sostenes akapaza sauti. "Alikuwa anafanya kazi hapa! Kapaka memori za duka langu!"

"Za duka lako?" nikamuuliza. "Na za duka lako zinaandikwa jina la Mwalimu Magdalena?"

Watu wakaanza kunong'ona, na mnong'ono ukapanda kama maziwa jikoni. Siku za mwizi ni arobaini, husema wenyewe. Huyu alipewa miaka sita, na kila siku moja nilikuwa naihesabu mimi.

Lakini sikutaka waondoke na alama tu. Nikatoa na cha nne, nikarudisha kipande kimoja peke yake, nikawasha mashine. Prosesa ileile, viini vyake viwili vimo. Tukasubiri. Mtu akakohoa. Tukasubiri tena. Kioo kikaja kwa uchovu, nikabofya, kikaganda. Mama mmoja akasema, "Eh! Hii sasa ni kama yangu!" Mwingine akasema, "Na yangu!" Ndipo wakaelewa mbio zile zilitoka wapi, na kila mmoja akaanza kuikumbuka siku aliyoiacha kompyuta yake pale.

Sostenes akashika mkoba wake, akataka kupita. Nikasimama mbele yake. Ule mkoba wa ngozi alikuwa nao hata siku ile.

"Mwaga," nikamwambia.

"Rebeka, dada yangu, tuongee pembeni."

"Mwaga!"

Akamwangalia mwenyekiti. Mwenyekiti akaangalia kaunta. Akaumwaga. Vikatoka chaja, miwani, mswaki, dawa za vidonda vya tumbo na picha ndogo ya mama yake. Memori haikuwemo. Nilijua haitakuwemo. Hata kwangu haikuwemo. Nilitaka tu asimame pale vitu vyake vikitazamwa, na nilimwacha asimame muda mrefu. Utamu wake siufichi. Mzee Mathayo akaagiza aitwe polisi, nami nikaanza kukusanya zana zangu.

Nilipogeuka, Mwalimu Magdalena alikuwa mbele yangu, ameshika kile kipande cha memori kwa mikono miwili. Amezeeka, niliona, kitambaa cha kichwani kimemlegea, na duka zima lilikuwa linamsikiliza.

"Marahaba," akasema. "Marahaba, mwanangu Rebeka."

Nikatia bisibisi mfukoni.

"Sijakuamkia, mwalimu," nikamwambia, nikatoka nje.