Ndoo ya Sera

Usiku wa kuamkia uchaguzi niliota nimejitwika ndoo ya sera. Mimi Zawena, mgombea udiwani, na ndoo ilijaa hadi ukingoni. Humo mlikuwa na kivuko cha kuvukia mfereji wetu, ule ambamo jirani yangu Bi Mkunde alitumbukia masika yaliyopita akavunjika nyonga. Kura ya Bi Mkunde niliitaka kuliko zote, na tangu kampeni zianze alikuwa haitikii salamu yangu.

"Usimwage ovyo," ndoo iliniambia. "Sera humwagwa kwenye vyombo vya habari."

Vyombo vyenyewe vilikuwa jikoni kwa mtu nisiyemjua, vimeoshwa na kupangwa kichanjani.

Naanza na redio, ambayo ni sufuria. Inachemka papo hapo na kufoka. "Taja jina lako," inasema. Nalitaja. "Tena." Nalitaja mpaka nalichoka, na kivuko bado hakijasemwa.

Televisheni ni sinia. Namwaga, zinatandaa, zinang'aa, kisha zinachuruzika pembeni. "Kwangu hukaa vya juu juu tu," sinia linasema bila haya. "Ila kilemba chako kimetoka vizuri." Kusema kweli nilifurahi.

Kundi la WhatsApp la kata ni ungo. Unapepeta hata kabla sijamaliza kumwaga.

"Zawena anataka kuuza mfereji," unatangaza.

Nauliza nani kasema.

"Imesambazwa mara nyingi," unajibu, na kuendelea kupepeta.

Ghafla jiko limekuwa baraza ya Bi Mkunde. Mwenyewe amekaa mkekani, mguu kaunyoosha. Naitazama ndoo, naona tupu. Aibu ilinishika hadi masikio yakapata moto.

"Shikamoo, mama."

"Marahaba. Gari lako la spika linapita hapa kila siku, vumbi lote langu. Leo umekuja kumwaga nini?"

"Zimekwisha, mama. Nimezimwaga kwenye vyombo."

"Vyombo vya watu." Ananyoosha kikombe cha bati. "Hiki changu hukukiona?"

Nainamisha ndoo, nakwangua kwa kiganja. Linadondoka tone moja: kivuko kizima, pamoja na vyuma vyake vya kushikia. Kikombe kinajaa. Bi Mkunde anachungulia, anapuliza.

"Cha moto hiki. Nitakunywa kikipoa." Anakifunika kwa kisahani na kukiweka kando ya mkeka.

Nilipoamka kulikuwa kumekucha. Nikafungua dirisha. Bi Mkunde alikuwa anapita na mkongojo wake, kazunguka njia ndefu kuukwepa mfereji, anaelekea kituo cha kupigia kura. Nikamwamkia, ingawa sikutarajia jibu.

Akasimama, akajifuta midomo kwa ncha ya khanga.

"Marahaba, mwanangu. Kilipoa. Nimekunywa chote."