Majina kwenye Ndoo Nyekundu

Asubuhi, kabla mashine haijawashwa, Mama Miwani hufuta kioo cha kamera kwa kitambaa laini, kutoka katikati kwenda pembeni, bila kurudi nyuma. Zamani kazi ya kamera ilikuwa yake. Yeye na wanawake wenzake walikaa chini ya taa wakikagua vidonge kwa macho, sinia kwa sinia, mpaka kiwanda kikaleta kamera. Wenzake wakaenda zao. Yeye akabakizwa, kwa sababu kamera nayo ina jicho, na jicho linataka kufutwa.

Vidonge hupita kwenye mkanda kimoja kimoja, kama watoto wa shule wakiingia darasani. Kamera hukitazama kila kimoja juu, chini na ubavuni. Kilicho kizima huendelea mbele, kikachomwa na mwale mwembamba unaokiandika herufi na namba, ili popote kitakapofika ijulikane kilitengenezwa wapi na siku gani. Chenye kasoro, kilichomeguka ukingo au kilichopungukiwa dawa, hupulizwa na hewa, pfff, kikaangukia ndoo nyekundu kabla mwale haujakigusa. Cha ndoo nyekundu hakiandikwi kitu. Kiandikwe cha nini, na chenyewe kinakwenda kuchomwa tanurini?

Jumatatu moja Mama Miwani alifunua ndoo akakuta vidonge vimeandikwa. Si herufi na namba. Kimoja kiliandikwa Babu Redio. Kingine, Mke wa Fundi. Kingine, Kitinda Mimba. Maandishi madogo, yamenyooka, mazuri kuliko yale ya mwale. Alisogeza miwani, akasoma vichache zaidi, kisha akafunika ndoo kwa sababu chai ilikuwa tayari.

Aliporudi akachota tena, na katikati ya kiganja akaona kimeandikwa Chiriku.

Chiriku ni mdogo wake, tumbo moja, na wanaishi nyumba moja. Mama yao alimpa jina hilo kwa sababu alianza kusema kabla ya kuota meno, na tangu hapo hajanyamaza. Ana kifafa. Dawa yake ni hiyo hiyo ya kiwandani hapo, naye aliimeza miaka nenda miaka rudi bila kuanguka. Siku za karibuni ameanza kuanguka tena. Mara ya mwisho aliangukia sufuria ya maji ya moto, mkono ukababuka kutoka kwenye kiwiko mpaka vidoleni. Daktari alimuuliza kama huwa anaruka siku. Chiriku akamjibu kwamba hajawahi kuruka kitu, hata kamba.

Basi Mama Miwani akamfuata dereva anayepeleka ndoo tanurini. Alimkuta ameegemea gari, anamenya chungwa.

"Baba, hivi vya ndoo nyekundu huwa unavichoma?"

"Nivichomee wapi, mama? Pale juu ya bomba la moshi kuna ndege ameangua. Meneja amekataza tanuri lisiwashwe. Anasema makinda hayajamkosea mtu."

Mama Miwani akatazama juu. Kweli kiota kilikuwepo, na vidomo vimepanuka vinangoja.

"Sasa vidonge vinakwenda wapi?"

"Mlango wa nyuma. Vinatiwa kwenye chupa, wenye maduka wanakuja kuchukua. Watu wanameza, mama. Hakuna aliyerudisha."

Mama Miwani akabeba ndoo mpaka kwa mkuu wa ubora. Mkuu wa ubora alikishika kidonge kwa koleo dogo, akakiinua kwenye mwanga, akauliza nani ametoa ruhusa ya kuandika. Hakuna aliyetoa. Akamwita meneja. Meneja alisoma majina machache, akasema sheria inataka ijulikane kila kidonge kimetoka wapi, na hivi vinaonyesha mpaka mdomo vinamokwenda, kwa hiyo kiwanda kimeipita sheria. Akaagiza soda.

"Humu ndani yumo mdogo wangu," Mama Miwani akasema. "Kila akimeza hivi, anaanguka."

Soda zikaletwa, zikafunguliwa. Mkuu wa ubora akainamia ndoo, akapekua pekua, akatoa kidonge kilichoandikwa Bibi wa Ghorofani, akakiweka kando. Meneja naye akapekua, akapata wake.

"Basi," meneja akasema, "kila mtu awe anachambua watu wake. Watakaobaki waende."

Ndiyo ikawa hivyo. Jioni, wafanyakazi hupanga foleni mbele ya ndoo nyekundu kama watu wa bombani. Kila mmoja hutoa walio wake na kuwaponda kwenye beseni la maji, maana magwanda ya kazini hayana mifuko. Mlinzi alimpata jirani yake, akamtafakari kidogo, akakumbuka ugomvi wa kuku, akamrudisha.

Mama Miwani humtoa kila Chiriku anayemwona. Aliwahi kujaribu kumtoa na Babu Redio. Msimamizi wa foleni akamuuliza huyo ni nani yake. Akasema hamjui. Angeweza kudanganya, lakini nyuma watu walikuwa wanasukuma, wanataka kuwahi nyumbani. Akamrudisha.

Chupa alizonunua Chiriku baada ya hapo zilikuwa na vidonge vya herufi na namba, kama inavyotakiwa. Akaacha kuanguka. Mkono ukaota ngozi mpya, nyeupe kidogo. Makinda nayo yakaota manyoya, yakaruka, na meneja akatoka nje kuyapungia. Wiki haikuisha, ndege akaonekana juu ya bomba ana kijiti mdomoni, anatengeneza kiota upya.

Jioni hiyo Chiriku alikuwa anachambua mchele, anasimulia habari za sokoni, za mwenye nyumba na za mtu aliyemwona kwa mbali tu.

"Dada, leo nilikuwemo?"

"Ulikuwemo. Nimekutoa."

"Na Babu Redio?"

"Yumo. Kila siku yumo. Hana mtu pale kiwandani."

Chiriku akashika punje ya mchele, akaitazama pande zote, akairudisha kwenye ungo. Akanyamaza. Mama Miwani akangoja aendelee, hakuendelea. Akavua miwani, akaifuta kwa upindo wa kanga, kutoka katikati kwenda pembeni, bila kurudi nyuma.