Shimo la Kituo cha Pili

Saa mbili na nusu asubuhi Bi Taulo alikuwa amekaa gatini juu ya kreti iliyopinduliwa, anakunja taulo. Zilikuwa kumi na mbili, za buluu, kila moja imeshonewa namba pembeni. Namba tisa ilishonwa miguu juu, kwa hiyo botini kulikuwa na sita mbili, na hakuna mgeni aliyewahi kulalamika. Alizikunja mara mbili kwa upana na mara tatu kwa urefu, kama alivyofundishwa na mama yake, fundi cherehani, mwanamke asiyeweza kuona kitambaa kimelala ovyo akapita kimya.

Boti yenyewe ilikuwa ndogo, na udogo huo ndio uliokuwa ukiuzwa. Maboti makubwa yalipakia watu sitini na spika nne. Hii ilipakia watu kumi na wawili na ukimya. Iliambaa na pwani chini ya majabali meupe, ikasimama mara tatu ili watu waogelee: kwanza kwenye pango, pili kwenye ghuba ya maji ya kijani, tatu kwenye kisiwa cha mawe ambacho ndege wamekifanya choo na wageni wanakipiga picha. Wafanyakazi walikuwa watatu. Nahodha, mtu wa makamo aliyezungumza na injini zaidi kuliko na binadamu. Mlinzi wa waogeleaji, mwanamume wa miaka ishirini na sita aliyeitwa Chura kwa jinsi alivyokunja mguu wa kushoto akiwa majini. Na Bi Taulo, dada yake Chura wa tumbo moja, aliyewakaribisha wageni, akawaeleza habari za majabali, na kuzitunza zile taulo zilizompa jina.

Mwenye boti hakutaka wageni wahesabiwe. "Mgeni si mbuzi," alisema tangu mwanzo, "umnyooshee kidole, mmoja, wawili, watatu. Mtu amekuja kupumzika." Kwa hiyo alibuni utaratibu. Wageni wakishaingia majini, taulo zote hupangwa kwenye kreti kando ya ngazi. Kila anayepanda hupewa moja. Kreti ikiwa tupu, wote wamepanda. Hapo Bi Taulo hupaza sauti, "Taulo zimekwisha!" na nahodha huwasha injini. Kwa miaka minne hesabu haikukosea hata siku moja.

Wafanyakazi hawakuwa na taulo. Walijifutia fulana zao.

Siku hiyo, kituo cha pili, mgeni mmoja aliangusha miwani yake ya kuogelea. Haikuwa miwani ya maana, ila alikuwa ameizoea. Chura akamwambia, "Usijali, bosi, naileta," akazunguka nyuma ya mwamba, akapiga mbizi. Wageni wakapanda mmoja mmoja. Wa mwisho alikuwa huyo huyo mwenye miwani, akapewa ile sita ya uongo. Bi Taulo akachungulia kreti, akaona mbao tupu, akapaza sauti. Nahodha akawasha injini.

Walikumbuka wakiwa kituo cha tatu, mgeni alipoomba kutupiwa boya na mtu wa kulitupa hakuwepo.

Walirudi mbio. Chura hawakumkuta. Lakini nyuma ya mwamba, pale alipokuwa, maji yalikuwa hayajajifunga.

Lilikuwa shimo lenye umbo la mtu aliyelala kifudifudi: kichwa, mabega, mikono, mguu mmoja umenyooka na mwingine umekunjwa. Kina chake kilikuwa unene wa kifua. Kuta zake zilikuwa za maji, nazo zilisimama bila kumwagika, kama bonde linalobaki kwenye godoro mtu akishaamka. Mawimbi yalipofika yalilinyanyua, yakalishusha palepale, yakaendelea na shughuli zao. Samaki walipita chini yake.

Nahodha alizima injini, akalitazama. "Ni yeye," akasema. "Mguu huo hauna wa pili duniani."

"Ndiye," akasema Bi Taulo.

Mgeni mmoja akauliza kama miwani imepatikana.

Wapiga mbizi wa bandari walitafuta siku mbili. Walileta nanga ya boti nyingine na viatu vitatu visivyofanana. Chura hawakumleta. Siku ya tatu mwenye boti alifungua kitabu cha mahudhurio ofisini kwake, chumba kimoja chenye feni na ramani ya vituo vitatu, na kwenye mstari wa Chura, tarehe ile, akaandika kwa mwandiko mzuri: Hakufika kazini.

Mwenye boti hakuwa mtu wa kufoka. Alikuwa na sauti ya daktari wa meno, ile inayokuambia haitauma.

Mtaani maneno hayana breki. Wiki haikuisha, habari ikawa kwamba Chura hakufika kazini kwa sababu ametoroka, na kwamba ametoroka kwa sababu kuna mwanamke. Siku ya Jumatatu mteja alikuja kupunguziwa sketi, akasimama juu ya stuli huku mama yake Chura amepiga magoti na pini mdomoni.

"Pole, mama. Ila vijana wa siku hizi ndivyo walivyo. Akiona sura mpya, amekwenda."

"Amekwenda na nini?" mama akauliza kati ya pini. "Suruali zake zote tatu zinaning'inia kwenye kamba hapo nje. Mwanangu amemfuata mwanamke na chupi ya kuogelea?"

"Mapenzi hayaangalii nguo, mama."

"Geuka. Na usijikaze tumbo, sketi haidanganyiki."

Mteja alipoondoka, mama alizitema pini moja moja kwenye kisosi. "Sikia, mwanangu," akamwambia Bi Taulo. "Mimi sitaki wanipe kitu. Nataka mstari mmoja kwenye karatasi. Alikuwa kazini. Na muhuri chini. Nitaubandika hapo kwenye kioo, kila anayekuja kujaribu nguo ausome."

"Nitakwenda kumwambia, mama."

"Mwambie kwa adabu."

Mama alijua ni nani aliyepaza sauti siku ile. Hawakuwa wamelizungumza. Jambo hilo lilikaa nao mezani asubuhi na jioni, likawa na kiti chake, na hakuna aliyelipakulia wala aliyelifukuza.

Kabla Bi Taulo hajaenda ofisini, ofisa wa bandari alikuja kulikagua shimo. Mama akaomba kwenda naye. Mwenye boti alikubali mara moja, akampa na jaketi la kuokolea maisha la saizi yake, kwa kuwa adabu hakuwa nayo haba.

Ofisa alikuwa na fomu ya vizuizi baharini. Ilikuwa na visanduku vinne: mwamba, fungu la mchanga, mabaki ya chombo, na mengineyo. Alilitazama shimo kutoka ubavuni mwa boti, akatia alama kwenye mengineyo.

"Unazama upande gani ukiligonga?" akauliza nahodha.

"Huzami," akasema ofisa, akiandika. "Unakwenda tu pembeni. Lakini lazima liwekewe alama."

Mama alikuwa ameshavua futi yake shingoni. Aliinama ukingoni, Bi Taulo amemshika kiuno, nahodha amemshika Bi Taulo, akapima kama anavyompima mteja asiyetulia. Mabega inchi kumi na nane. Mkono, kutoka begani hadi kifundo, ishirini na nne na nusu. Kiuno akapima mara mbili.

"Amepungua inchi moja," akasema. "Nilimwambia asiwe anakula amesimama."

Kisha akatoa kwenye mkoba daftari lake la vipimo, lile linaloanzia wateja wake wa kwanza, akafungua ukurasa wa mwanawe. Vipimo vilikuwepo tangu kaptula ya darasa la kwanza, kila mwaka mstari wake, mpaka shati la sikukuu iliyopita. Ofisa alivaa miwani ya kusomea, akalinganisha namba kwa namba.

"Zinalingana," akasema.

"Basi andika."

"Niandike nini, mama?"

"Kwamba ni mwanangu, na kwamba alikuwa kazini. Angekuwa na ruhusa angekuwa hapa kufanya nini, anaokota miwani ya nani?"

Ofisa aliigeuza fomu, akaiangalia na upande wa nyuma, kwa haki. "Mama, hivi ni vipimo vya shimo. Na fomu inauliza urefu, upana na kina. Haina mahali pa mwenyewe."

Mama hakubishana. Alinyoosha mkono mara nyingine, akaweka kiganja mahali pa shavu, akalainisha maji kidogo kama anayeondoa kikunjo, akarudi kukaa. Ofisa akafunga boya la njano kwenye mwamba. Njia nzima ya kurudi alimwuliza mama kama anaweza kumpunguzia koti.

Kesho yake Bi Taulo alipanda ngazi za ofisini. Mwenye boti alimkaribisha kiti, akageuza feni imwelekee yeye.

"Pole na msiba, binti yangu."

"Asante, mzee. Msiba wenyewe ndio ulionileta. Mama anaomba barua. Mstari mmoja tu, kwamba mdogo wangu alikuwa kazini."

"Mama yako namheshimu sana."

"Anajua. Anaomba na muhuri."

Mwenye boti alivuta droo, akatoa karatasi yenye picha ya boti juu, akafungua kalamu. Alifikiri. "Nikiandika alikuwa kazini, wataniuliza ilikuwaje boti ikaondoka bila yeye. Nitalazimika kuandika ni nani aliyesema watu wote wamepanda. Unamjua ni nani."

"Mimi."

"Mimi sikutaka kulitaja."

"Litaje, mzee. Andika jina langu, na saa, na kituo. Andika kwamba nilichungulia kreti nikapaza sauti. Nitatia sahihi hapa hapa."

Feni iligeuka, ikamaliza ukuta mmoja, ikarudi. Mwenye boti alimtazama, na kwa mara ya kwanza ilionekana hakuwa ametegemea jibu hilo. Alikuwa amezoea watu kufikia mahali pale wakasema basi, mzee, yaishe.

"Ukikubali wewe," akasema polepole, "watakuuliza ni nani aliyekufundisha kuhesabu hivyo."

"Watauliza."

"Na wewe utasema."

"Wakiuliza nitasema."

Akafunga kalamu. Karatasi akairudisha kwenye droo, juu ya zingine, akazisawazisha zisipindane. "Nenda ukapumzike siku mbili," akasema kwa ile sauti yake. "Halafu urudi. Msimu ndio huu unaanza."

Jioni Bi Taulo alimweleza mama neno kwa neno. Mama alikuwa anatia uzi kwenye sindano. Uliingia mara ya tano.

"Ulimpa jina lako aliandike?" akauliza. "Ukubali kuandikwa?"

"Nilimwambia aandike."

"Akakataa."

"Akakataa."

Mama akavuta uzi, akaukata kwa meno. "Kaa ule," akasema. "Na ukae kweli. Usile umesimama." Hilo ndilo lililokuwa la mwisho kusemwa nyumbani kwao kuhusu nani alipaza sauti, na usiku ule wote wawili walilala.

Msimu ukaanza. Mwenye boti aliajiri mlinzi mwingine, mpole, mwenye mabega mapana, ambaye naye alijifutia fulana yake. Na wageni, ambao huwezi kuwaonyesha kitu wasitake kukigusa, waligundua kwamba shimo linalalika. Anayelala humo hazami wala halowani; maji yanambembeleza juu na chini, na sauti zote zinakuwa mbali. Mama mmoja asiyejua kuogelea alilala nusu saa, akalia kidogo, akasema hajawahi kupumzika namna ile tangu aolewe. Habari zikaenea. Boya la njano likabadilishwa likawekwa jeupe, linalopendeza zaidi kwenye picha. Ramani ya ofisini ikachorwa upya, na kwenye duara la kituo cha pili pakaandikwa Shimo la Asili.

Bi Taulo alipewa maelezo ya kukariri. Yalisema shimo limechongwa na mikondo ya bahari kwa maelfu ya miaka, na kwamba umbo lake humkumbusha mtazamaji kiumbe fulani, kila mtu na chake. Alikariri siku ya kwanza, akayasema vizuri. Siku ya pili akayasema vizuri pia. Mama alikuwa ameanza kujibu wateja wake kwa kifupi: Ndiyo, alisafiri.

Siku ya tatu boti ilitia nanga nyuma ya mwamba, wageni kumi na wawili wakageuza nyuso kumsikiliza. Bi Taulo akasimama mahali pake.

"Huyu ni mdogo wangu," akasema. "Hakutoroka. Alikuwa anamtafutia mgeni miwani, mimi nikasema wote wamepanda, tukamwacha. Alikuwa kazini."

Nahodha aliinamia injini yake. Wageni walitikisa vichwa kwa heshima, kama walivyofanya kwenye pango walipoambiwa umri wa mawe. Wawili walisema pole. Mmoja akaandika kitu kwenye simu yake, kisha akainua mkono.

"Dada, hapa tuna dakika ngapi?"

"Ishirini," akasema Bi Taulo.

Wakapanga foleni kwenye ngazi, wakisukumana kidogo kwa utani, mpaka mmoja wao akashauri, na wote wakaona ni haki, kwamba wenye kimo cha marehemu watangulie.