Beberu wa Kyuso

Mradi wa mbuzi ulipofungwa mwaka wa 1987, wenye mradi walipakia vitu vyao wakaondoka Kyuso. Beberu mweupe wa kisasa alibaki kwa Mbinya, mwenyekiti wa kikundi cha akina mama. Wanachama waliendelea kuleta mbuzi wao wa kienyeji kupandwa hapo, na watoto waliozaliwa walikuwa na miili mikubwa.

Lakini siku za mradi, beberu alikuwa akibadilishwa kila baada ya muda, asije akapanda binti zake. Sasa hakukuwa na wa kumbadilisha. Mwaka uliofuata, mbuzi wa mwanachama mmoja, Syombua, aliyekuwa binti wa beberu yuleyule, alizaa mtoto asiyeweza kusimama. Akafa kabla ya jioni.

Mbinya aliitisha mkutano.

"Tutafute beberu mwingine, huyu tumtoe," alisema.

"Tumtoe vipi?" Syombua aliuliza. "Huyu ni wa mradi. Wakija wamkose, tutawaambia nini?"

"Hawaji, mama."

"Walisema watatutembelea."

Wengi walimuunga mkono Syombua, na mkutano ukaisha hivyo. Mbinya hakukasirika. Yeye pia, kila aliposikia gari barabarani, alikuwa akiinuka kutazama.

Siku ya soko alimwendea Dirie, Msomali mfanyabiashara wa mifugo aliyeleta wanyama kutoka upande wa Garissa. Alimweleza shida yao. Dirie akakubali kuja kumwona beberu, na Mbinya akamwita Syombua awepo.

Dirie alimshika beberu mgongoni, akamfungua mdomo kutazama meno.

"Huyu ni mzuri. Mimi naweza kuleta mwingine kama yeye, damu ya mbali, tubadilishane."

"Na ukituletea mgonjwa?" Syombua alisema.

"Nitaleta wangu kwanza, mama. Mkae na yeye, muangalie. Mkiridhika, ndio nachukua wenu."

"Basi tutamfunga kwangu," Syombua akasema. "Nimwangalie mwenyewe."

Mvua ilipopungua, Dirie alimleta beberu mwenye kichwa cha kahawia. Syombua alimfunga mbali na mbuzi wengine, akamkatia majani, na kila asubuhi alitazama macho yake na kinyesi chake. Mwishowe alikwenda kwa Mbinya akamwambia yule Msomali achukue wa zamani.

Siku Dirie alipokuja kumchukua, Mbinya alimpa beberu maji, kisha akaingia jikoni asimwone akienda.

Watoto wa msimu uliofuata walisimama vizuri, na wanachama wakaacha kuulizana habari za mradi. Mbinya alimwambia Syombua kwamba sasa angeweza kumleta beberu nyumbani kwa mwenyekiti, kama amechoka kumtunza.

"Amenimalizia uzio wote wa shamba," Syombua alisema. "Anakula kama ng'ombe."

"Basi nitakuja kumchukua kesho."

"Wacha akae. Ameshanizoea."

Akaenda kukata miti ya kuziba uzio.