Alhamisi ya Mjomba

Mimi ni fundi simu, na nina mdomo. Mchana kutwa nainama kimya juu ya skrubu ndogo kuliko punje ya mchele, na yote ambayo sikuyasema hunitoka mtandaoni. Mteja akiniambia simu "imezima tu yenyewe" huku maji yakichuruzika kwenye tundu la chaja, namjibu sawa, acha niitazame. Kisha naingia kwenye jukwaa letu la habari za teknolojia na michezo, ambako najiita Bisibisi, na huko simung'unyi maneno.

Jukwaa hilo lina mila yake. Kila Alhamisi tunashindana kutunga habari za uongo, na sharti ni moja tu: habari ianze na maneno "Mjomba wangu anafanya kazi pale". Tulianza kwa kumcheka mwenzetu mmoja ambaye kila kampuni ikitajwa, basi ana mjomba ndani yake. Siku hiyo hakuna anayeamini kitu. Ijumaa asubuhi mshindi anatangazwa, tunacheka, maisha yanaendelea.

Alhamisi hiyo niliamua kuandika kuhusu Ngome. Huo ni mchezo ambao mimi, mama na mdogo wangu tunaucheza kila Jumamosi alasiri, kila mtu akiwa kwake, spika masikioni. Mnakuwa timu ya watu watatu, mnalinda ngome yenu na kuivamia ya wenzenu. Mama ni mkunga mstaafu na mkono wake hautikisiki hata kidogo. Kuna wanaume wazima wamemwomba poo bila kujua wanapigwa na bibi wa miaka sitini na nne aliyekunja miguu kwenye sofa.

Niliandika hivi: "Mjomba wangu anafanya kazi pale. Kuanzia mwezi ujao, Ngome itasikiliza unavyohema kwenye kipaza sauti na kukadiria umri wako. Mwenye pumzi za mtu wa zaidi ya miaka hamsini atahamishiwa uwanja wake, wenye milango mipana na maadui wanaotembea taratibu." Nilicheka peke yangu kibandani mpaka kinyozi wa jirani akachungulia kuona kama nimepigwa shoti.

Sasa, mdogo wangu. Yeye ni mwandishi wa habari za teknolojia kwenye gazeti la mtandaoni, na wakati huo alikuwa katika mwezi wa tano wa majaribio, bado mmoja aajiriwe. Na hapa sina budi kukiri jambo ambalo sijivunii. Miezi yote mitano, Bisibisi alikuwa akiandika maoni chini ya kila makala yake. Nilianza kwa nia njema, nisahihishe tu kosa la betri alilokosea. Lakini mdomo ukateleza. "Makala haya yameandikwa na mtu aliyewahi kuiona kompyuta kwa mbali," nikaandika, na watu mia tatu wakapenda. Watu mia tatu wakikupenda kwa ubaya wako, kuacha ni kazi.

Kila Jumapili alikuwa anakuja kwangu kula, mama naye yupo, na hadithi ilikuwa ni hiyohiyo.

"Kuna mtu anaitwa Bisibisi," alisema mara ya kwanza, macho mekundu. "Sijui nimemkosea nini. Huyo mtu kwao hawampendi."

"Achana naye, mwanangu," mama akamwambia. "Labda ana matatizo ya tumbo."

Mimi nikamwongezea mchuzi. Wala hakunishuku, maana nusu ya watu wa jukwaa lile wamejipa majina ya vifaa. Kuna Nyundo, kuna Waya Mwekundu, kuna Soketi wawili wanaogombana nani wa kwanza.

Ijumaa nilifungua kibanda nikisubiri kutangazwa mshindi. Badala yake nikasikia redio ya kinyozi: kampuni ya mchezo wa Ngome kuwatenga wazee. Nikadhani nimesikia vibaya. Nikafungua gazeti la mdogo wangu, na habari ilikuwa juu kabisa, jina lake chini ya kichwa, na mstari wa kwanza ulisema: "Kwa mujibu wa Bisibisi, mchambuzi mwenye vyanzo ndani ya kampuni..."

Hakujua mila yetu ya Alhamisi. Alisoma neno mjomba, akaona chanzo.

Kufikia saa nne kila mtu alikuwa na la kusema. Mtangazaji mmoja alisema huo ni ubaguzi, mwenzake akataka wapimane pumzi palepale studio. Chama cha wastaafu kilitoa tamko. Mtaalamu mmoja alieleza kinagaubaga namna teknolojia hiyo inavyofanya kazi, mpaka mimi niliyeitunga nikajifunza mawili matatu. Saa sita kampuni ikatoa taarifa fupi: hatuna mpango huo, hatujawahi kuwa nao, na hatuelewi umetoka wapi.

Saa saba mdogo wangu aliingia kibandani, akaweka kompyuta yake juu ya kaunta katikati ya simu za watu.

"Dada, nimekwisha," alisema. "Mhariri anataka chanzo saa kumi. Bila chanzo, narudi nyumbani na mkoba wangu."

"Ulimwamini vipi mtu anayekutukana kila siku?" nikamuuliza. Sauti yangu mwenyewe niliisikia ngeni.

"Kwa sababu hakosei." Alisema kama jambo la kawaida. "Kila aliponisema, nilikwenda kuangalia, na kila mara alikuwa sahihi. Ana mdomo mchafu, lakini hakosei, dada. Wewe unawajua watu wa mtandaoni. Nisaidie kumpata."

Akaanza kumwandikia Bisibisi palepale, akabonyeza kutuma. Simu moja kati ya kumi na moja zilizokuwa kaunta ikalia. Akainua macho.

"Ya mteja," nikasema. Uongo wangu wa pili ndani ya siku mbili, na huu haukuwa wa mashindano.

Nikaichukua simu, nikageukia rafu kana kwamba natafuta kava, nikasoma: "Najua hunipendi. Ila ni wewe peke yako unayesoma makala zangu mpaka mwisho, hata ile ya nyaya za chini ya bahari, ambayo mama yangu aliishia aya ya kwanza. Kama ulitunga, sema tu kwamba ulitunga. Nitamwambia mhariri ukweli, hata kama nitaondoka."

Niliona aibu. Niliona aibu mpaka masikio yakawaka, na nilijua kwamba nikisubiri dakika moja zaidi nitapata njia ya kujitetea, maana mimi sikosi njia. Nikageuka, nikaiweka simu mbele yake na ujumbe wake ukiwa wazi.

Aliusoma mara mbili. Kinyozi, ambaye ukuta wake ni ubao mmoja tu, akazima mashine.

"Kompyuta kwa mbali," mdogo wangu alisema taratibu. "Ilikuwa wewe. Siku ile nililia jikoni kwako. Ukanipa kitambaa."

"Nilikupa."

"Ukanipa kitambaa, halafu ukaenda kuandika nyingine!"

"Ile nyingine niliiandika kabla hujafika," nikasema, na mara tu maneno yaliponitoka nikatamani kuyafungia kwenye droo.

"Funga kibanda," akasema. "Twende."

Njia nzima hakunitazama. Mhariri alikuwa mama mmoja mwenye sauti ya chini, meza yake haina karatasi hata moja. Nikaingia kwenye akaunti yangu mbele yake, nikamwonyesha Alhamisi za miaka minne, moja baada ya nyingine. Alicheka mara moja tu, kwenye ile niliyosema simu mpya itakataa kuzimwa mama mzazi akipiga. Kisha akamgeukia mdogo wangu.

"Ulimpigia nani kabla ya kuandika?"

"Sikumpigia mtu."

"Uliwaandikia kampuni?"

"Hapana. Nilitaka niwe wa kwanza."

"Basi kosa si la huyu."

"Ni langu!" nikadakia. "Mimi ndiye niliyetunga."

"Wewe umetunga kwenye jukwaa lako," mhariri akasema. "Yeye ameandika kwenye gazeti langu." Akamwambia mdogo wangu aandike masahihisho kabla ya saa kumi na mbili, aeleze kila kitu, na la kwake alieleze la kwanza. Majaribio yataongezwa miezi mitatu. "Na huyu Bisibisi wako..."

"Si wangu," mdogo wangu akasema.

Nilipotoka yeye akabaki ofisini, hata kwaheri hakunipa. Masahihisho yakatoka saa kumi na moja na nusu. Yalikuwa mazuri. Alieleza mila ya Alhamisi kwa ucheshi, akajisema mwenyewe bila kujionea huruma, na mimi akanitaja mara moja tu, bila kusema kwamba ni dada yake. Nilitafuta kosa kwa mazoea, sikulipata. Nikaandika chini yake: "Makala safi. Hongera." Watu arobaini wakauliza kama akaunti yangu imeibwa. Yeye hakujibu.

Jumamosi alasiri alikuja mchezoni, kwa sababu ya mama. Hakuna anayethubutu kumkosesha mama mechi. Lakini alikuwa kimya. Kawaida Ngome haichezwi kimya. Mnaambizana nani yuko wapi, nani anakuja, nani hana risasi. Mimi nilipayuka peke yangu: "Mlango wa kulia! Wanapanda ukuta! Jamani, kuna mtu?" Mama naye hakutoa hata neno. Nikajua ameambiwa yote na yuko upande wa mdogo wangu. Bibi yule alikuwa akiwaangusha watu wawili wawili, lakini kimya.

Halafu nikasikia sauti masikioni, kama mtu aliyeibuka kutoka majini: "Haaah!" Kimya. Baada ya muda tena: "Haaah!"

"Mama?" Mdogo wangu hatimaye akafungua mdomo. "Mama, unaumwa?"

"Niacheni," mama akajibu kwa sauti iliyobanwa. "Wanasikiliza."

"Akina nani?"

"Hao wenye Ngome. Si umeandika mwenyewe? Miaka thelathini nimewafundisha wanawake kuhema, nitashindwa kubana pumzi zangu? Nimefanya mazoezi tangu asubuhi, nafika sekunde arobaini. Kwenye milango mipana siendi."

Ikawa wazi. Mama aliisoma habari ya Ijumaa asubuhi, akawatumia wenzake wote kwa majivuno kwamba mwanangu ndiye kaandika, na baada ya hapo hakusoma kingine. Vurugu nzima ilimpita. Katika kuomba radhi kwa dunia nzima, hakuna aliyekumbuka kumwambia mama yetu.

"Mama, pumua!" nikapiga kelele. "Ni uongo! Hakuna kitu kama hicho!"

"Nani kasema uongo?"

Hapo kimya cha mdogo wangu kikawa kizito kuliko cha mama. Alikuwa ananisubiri.

"Mimi, mama," nikasema. "Nilitunga mimi. Bisibisi ni mimi. Na yale yote niliyomwandikia mdogo wangu, nimekosa, na nilipaswa kumwambia siku ileile jikoni. Nisamehe, mdogo wangu."

Mama akapumua. Akapumua kwa raha, pumzi ndefu ya mtu wa miaka sitini na nne asiye na cha kuficha. Kisha akauliza, "Kwa hiyo wewe ndiye mwenye matatizo ya tumbo?"

Mdogo wangu alicheka. Alijaribu kuzuia, nikamsikia anazuia, ikashindikana, akacheka mpaka akakohoa. Mimi nikacheka kwa sababu yeye anacheka, na mama akatuuliza kama tumekuja kucheza au kuchekana.

"Dada, nyuma yako!" mdogo wangu akapiga kelele.

Dada. Nikageuka polepole mno, nimejaa furaha, nikapigwa palepale mlangoni. Ngome yetu ikaanguka baada ya dakika moja.

Mechi ikiisha, mchezo unakupa kisanduku cha kuandika maoni kuhusu mwenzako wa timu. Hatukuwahi kukitumia. Siku hiyo nilipofungua changu nikakuta maoni, jina la mdogo wangu juu yake: "Amecheza kama mtu aliyewahi kuiona ngome kwa mbali."

Nilikwenda kuitazama mechi upya tangu mwanzo. Alikuwa sahihi.